Kisanduku cha Kijivu na Sauti ya Mama

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 1999, Karimi aliwakama mbuzi wawili wa mama yake, akachemsha chai, akafagia mlangoni, kisha akaketi kitandani na gitaa la umeme kufanya mazoezi. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeota sugu kwa nyuzi. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya Makutano, mjini Meru, na mngurumo wa malori ulifika mpaka chumbani. Mama yake, Veronicah, alikuwa mshonaji. Aliimba huku akikanyaga cherehani, naye Karimi alimfuata kwa gitaa bila kuambiwa ni wimbo gani.

Likizo hiyo mazoezi yalikuwa ya haraka. Mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, nalo lilikuwa limeanza kumbana pumzi kila alipolala. Daktari alisema lazima afanyiwe upasuaji. Hakuwaficha kwamba neva za sauti hupita karibu sana na mahali pa kukatwa, na kwamba huenda sauti yake ikabadilika. Alitakiwa kulazwa Jumapili alasiri. Kabla ya hapo alitaka jambo moja tu: nyimbo saba alizotunga mwenyewe kwa Kimeru zinaswe kwenye kanda.

Kaka yake, Mjomba Muthamia, alikuwa fundi wa redio pale Makutano na alikuwa na kinasa sauti kizuri. Tatizo lilikuwa gitaa. Wangeweka maikrofoni mbele ya spika katika nyumba ile ya mabati, wangenasa malori na mbuzi pia. Kwa hiyo alimchukua Karimi wakaenda Embu kwa Nyamu, mpiga gitaa wa zamani aliyeuza vyombo vya muziki. Walitafuta kisanduku kinachoiga sauti ya amplifaya na kuipeleka moja kwa moja kwenye kinasa sauti.

Nyamu alikuwa navyo viwili. Chekundu kilikuwa na sauti mia moja na taa zilizocheza, na Karimi alikipenda papo hapo. Cha kijivu kilikuwa na sauti kumi na mbili tu. Mjomba alimvika vifaa vya masikioni, akamwambia afumbe macho na apige wimbo mmoja wa mama yake kwenye vyote viwili, huku akiuimba polepole. Chekundu kilimeza uimbaji wake, na kila aliponyamazisha nyuzi kiliendelea kufoka kama sufuria la mafuta. Cha kijivu kilimwachia nafasi. Karimi alikubali, ingawa shingo upande, wakanunua cha kijivu. Njiani Mjomba alimwonya asikiwashe kwa adapta nyingine yoyote isipokuwa ile iliyokuja nacho.

Ijumaa, siku moja kabla ya kurekodi, Mjomba alikwenda na adapta hiyo dukani ili aifunge waya mpya. Karimi alibaki nyumbani na kisanduku. Alitaka kufanya mazoezi ya wimbo wa tano, uliokuwa ukimsumbua. Alichomoa adapta ya redio ya jikoni, akaijaribu, ikaingia sawasawa. Taa ilimulika mara moja ikazimika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikampanda puani.

Alichomoa upesi, akarudisha adapta kwenye redio na kisanduku kwenye boksi lake. Kisha akafungua dirisha ili harufu itoke.

Jumamosi saa nne asubuhi Mjomba alifika na vifaa vyake. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani ingawa hakuna ambaye angemwona. Mjomba akaunganisha waya, akabonyeza swichi. Kisanduku hakikuwaka.

Alianza kutafuta kosa kwa utaratibu, kama alivyozoea kazini. Alibadilisha waya, akajaribu soketi nyingine, akapima adapta na kuiona nzima. Alipoichomeka tena, ikapata joto. Alitia betri mpya, nazo zikapata joto. Alimuuliza Karimi kama kisanduku kilianguka au kumwagikiwa na maji. Karimi akasema hapana, na hilo lilikuwa kweli. Hakuulizwa zaidi, naye hakuongeza neno.

Saa sita ilipogonga, Mjomba aliweka bisibisi chini. "Siwezi kuanza kutoa vipande kwa kubahatisha," alisema. "Nikichoma kingine, basi. Huyu mtu ametuuzia kitu kibovu."

Alishuka Makutano akampigia Nyamu kwa simu ya kibandani. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana. Alieleza kwamba Nyamu alikana kabisa, akasema alikijaribu mbele yao, na kwamba yeye Mjomba alimwita mwizi kabla ya kukata simu. Sasa alitaka kwenda Embu akirudishe, apewe kingine. Hata kama angewahi kurudi, ingekuwa jioni.

Mama alisema hakuna haja, ataimba bila gitaa. Alisimama mbele ya maikrofoni na kuanza wimbo wa kwanza. Alikuwa amezoea kuvuta pumzi pale gitaa linapomjazia nafasi. Bila gitaa, pumzi ilimwishia katikati ya ubeti wa pili. Akaketi, mkono shingoni, akamwambia kaka yake asihangaike, Mungu anajua.

Mjomba alikuwa tayari ameshika boksi na kufika mlangoni.

"Mjomba, usiende," Karimi alisema. "Nyamu hana kosa. Jana nilitia adapta ya redio."

Karimi alieleza yote, pamoja na harufu na dirisha alilofungua.

Mjomba alirudi mezani. "Ilete hiyo adapta," alisema.

Aliipima, akatikisa kichwa. Umeme wake ulikuwa umepangwa kinyume, chanya mahali pa hasi. Alifungua kisanduku, na safari hii mkono wake haukubahatisha. Karibu na tundu la umeme alionyesha dayodi, kidude cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mweupe kwenye ncha. Aliwaeleza kwamba kazi yake ni kuzuia umeme uliogeuzwa, na kwamba kimeungua kwa kukinga vingine. Alipasha moto chuma cha kulehemu, akakitoa kile kidude kilichoungua, akatia kingine cha namna ileile kutoka kwenye redio kuukuu. Taa ya kisanduku ikawaka.

Lakini shida haikuwa imekwisha. Karimi alipopiga gitaa, mvumo kama wa nyuki ulisikika nyuma ya kila noti. Mjomba alizima taa ndefu ya darini, mvumo ukapungua. Karimi akageuka na gitaa akaipa mgongo televisheni iliyokuwa imewashwa bila sauti, mvumo ukapungua tena, kisha akainuka na kuizima. Kukawa kimya.

Walirekodi kuanzia saa nane. Baada ya wimbo wa nne Mama alipumzika kwa maji ya uvuguvugu. Katika wa tano Karimi alikosea noti mbili, akaomba warudie. Ilipofika saa kumi na moja nyimbo zote saba zilikuwa kwenye kanda.

Kisha Mjomba alimchukua Karimi hadi kwenye simu ya kibandani. Alitangulia yeye kumwomba Nyamu msamaha kwa neno lile, halafu akampa Karimi mkono wa simu. Karimi alisema jina lake na alichofanya. Nyamu alisema kwamba tangu mchana hajala, akiwaza ni wangapi wataambiwa yeye ni tapeli. Alimshukuru kwa kupiga mwenyewe. Karimi alirudi nyumbani bila kuinua macho.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu, ukaenda vizuri. Jumatano Karimi alimkuta Mama wodini ameketi kitandani, bandeji shingoni. Alikuwa ameruhusiwa kusema maneno machache tu kwa siku, na sauti ilitoka nzito, yenye mkwaruzo, ambayo Karimi hakuijua. Mama alimvuta karibu.

"Kuharibu kulikuwa bahati mbaya," alisema taratibu. "Kunyamaza ulichagua wewe. Nusura tupoteze siku yetu, na mtu asiye na kosa akaitwa mwizi. Ukikosea tena, mwanangu, sema saa hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo."

Alimeza mate kwa maumivu, akafumba macho kupumzika. Siku hiyo hakusema neno lingine.