Mkono Kwenye Behewa la Mwisho

Jumanne ile Lorene Stumbaugh alifika kwenye uzio wa reli na chupa ya kahawa na mikate ya mayai, kama kila alasiri tangu amzike mumewe, Royce. Mji wa Tolliver, Ohio, uliwajengea wapenda treni mabenchi nyuma ya uzio ule wa mbao unaofika kiunoni. Delbert, mdogo wake Royce, alikuwa keshakaa, redio ya kunasia mazungumzo ya madereva ikiwa mapajani.

"Shemeji, leo umekuja au umeletwa?"

"Nimejikokota."

Kumuuguza Royce kulikuwa kumemmaliza. Hata usingizi haukumpumzisha tena.

Treni ya mizigo ilipita njia ya mbali, kati ya zile njia mbili. Walimpungia dereva, naye akawajibu kwa honi. Ndivyo ilivyo pale: unapungia kichwa, hupungii mkia. Siku hizi nyuma ya treni hapakai mtu, na watu wa Tolliver hawapendi kusalimia mahali pasipo na mtu.

"Unapunga kama unafukuza nzi," Delbert alimtania.

Mabehewa yalipita, mengi, kisha mwendo ukapungua. Lorene alisinzia macho wazi. Behewa la mwisho lilipofika, mkono wake, ndani ya sweta la kijani, ulipanda wenyewe.

"Umempungia nani?" Delbert aliuliza kwa sauti ya chini.

Treni ilisimama. Behewa la mwisho lilikuwa mbele yao kabisa, ng'ambo ya njia ya karibu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikaa Royce.

Hakuonekana mgonjwa. Alijisogeza, akapigapiga sakafu kando yake, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

"Njoo upumzike," alinong'ona. Lorene aliisikia sauti sikioni.

Redio ilikoroma: treni nyingine inakuja, njia ya karibu. Delbert aligeuka. Shemeji yake alikuwa ameshapandisha mguu juu ya uzio.

"Shemeji, rudi!"

"Nakaa kidogo tu."

"Royce tulimzika!"

"Najua." Hakugeuka.

Delbert alimkumbatia kiunoni, akavuta. Walianguka wote upande wa mabenchi. Treni ikapita. Vumbi. Chuma juu ya chuma. Ardhi ikatetemeka chini ya migongo yao. Lorene alilia taratibu, kama mtoto aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Ilipokwisha kupita, ile ya mbali ilikuwa imeanza kuondoka. Mlango wa behewa la mwisho ulikuwa umefungwa, umetiwa komeo kwa nje. Katika ufa wake kilikuwa kimebanwa kitambaa cha kijani, kikipepea. Mkono wa sweta.

Delbert alimgeukia shemeji yake. Lorene hakuwa amevuka uzio. Delbert mwenyewe alikuwa amemshika, muda wote.

Sweta lake la kijani lilikuwa na mkono mmoja. Begani hapakuwa na mchaniko. Mshono ulikuwa umefumuliwa, uzi baada ya uzi, bila haraka.