Nywele Chini ya Kioo

Haya yalimpata shangazi yangu Persis, fundi wa cherehani aliyeshonea kwenye baraza la duka la vitambaa la Bhupendra, mjini Nyamira. Ilikuwa mwaka wa 1995, siku ya soko, jua limewaka, wanawake kutoka Kebirigo wakichagua vitambaa vya sare za shule.

Vivek, mpwa wa Bhupendra, alikuwa amerudi kutoka Uingereza alikosomea uhandisi. Alikuja na mashine aliyoiunda mwenyewe. Ilifanana na televisheni ndogo, ila hii uliigusa kiooni. Picha ya kitambaa ikitokea, kioo kilitetemeka chini ya vidole, nawe ukakihisi kitambaa chenyewe. Alitaka kuijaribu kwa vidole vinavyojua nguo, akamwita shangazi.

"Sufu," shangazi alisema, macho ameyafumba. "Na hii ni hariri." Akacheka.

Kisha kioo kikawa cheusi. Vidole vyake vikaendelea kutembea. Kicheko kikakatika.

"Hizi ni nywele," alinong'ona.

Nywele za mtoto. Upande mmoja zimesukwa, upande wa pili bado. Miezi mitatu nyuma, shangazi alikuwa akimsuka binti yake Nyamusi, wa miaka sita, homa ilipompanda. Alizikwa vivyo hivyo, kichwa nusu.

"Lakini mama, sijaweka picha yoyote," Vivek alisema.

Angeweza kuizima. Alichukua daftari, akaandika.

Kila alasiri shangazi alirudi. Aliketi mbele ya kioo cheusi, akisuka. Cherehani ikashika vumbi.

"Mwache huyu mama," Bhupendra alimsihi mpwa wake. "Huoni anavyoumia?"

"Bado kidogo, anko. Hajamaliza kichwa."

Siku ya tisa alimaliza. Akashusha vidole ampapase mtoto uso. Paji. Shavu. Baridi. Udongo. Mdomo.

Mdomo ukafunguka.

Yowe lake lilisikika hadi stendi. Bhupendra akachomoa waya ukutani. Mashine ikazimika. Vidole havikubanduka.

"Nyamusi, niachilie," shangazi alinong'ona. "Si nimeshakusuka? Niachilie, mwanangu."

Vikaachiliwa, vyote kumi kwa mpigo. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na jeraha.

Lakini tangu hapo havikuhisi kitu. Sindano ilipenya kidole ikatokea upande wa pili, naye akaendelea kushona hadi alipoona nguo ya mteja imelowa damu. Wateja wakamkimbia. Vivek aliondoka na daftari lake. Hata hakuaga.

Mwaka uliofuata nilimsindikiza shangazi kwenda kuandikisha kitambulisho kipya. Karani alivipaka vidole vyake wino, akavikandamiza kwenye fomu kimoja kimoja. Akaitazama fomu. Akaishika mikono ya shangazi, mikono mipana ya mwanamke aliyelima na kushona maisha yake yote, akaigeuza viganja juu. Akaitazama fomu tena.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umeweka vidole vya nani?"

Nilichungulia. Alama zote kumi zilikuwa wazi, kila mstari mahali pake. Zilikuwa za mtoto.