Namba Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Mume wangu ni fundi viatu. Watu humwita Swala. Tangu ujana wake alikuwa akikimbia kila asubuhi mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Akifika nyumbani, aliandika dakika zake kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni.

Alipofika miaka sitini na tatu, dakika zikaanza kuongezeka. Kwanza alilaumu viatu, akavishona upya. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama watoto, chakula chako kina mafuta mengi."

"Mafuta ni yale yale ya miaka thelathini, baba."

"Basi ni uvivu. Nitaukomesha!"

Akaanza kukimbia mara mbili kwa siku. Nikamwona anashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu. Nilinyamaza. Hapo nilikosea. Nyinyi msinyamaze.

Asubuhi moja hakurudi. Nilimkuta kando ya tangi, ameshika paja, jasho linamtiririka. Msuli ulikuwa umechanika.

Alipotoka hospitali, jirani yetu muuguzi alikuja kumtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, nimekosea wapi? Maisha yangu yote sijaacha mazoezi."

"Hukukosea kufanya mazoezi. Ndiyo yaliyokupa nguvu hizo. Lakini umri nao huchukua chake. Misuli hupungua. Moyo haupigi kwa kasi ya zamani. Mwili ukichoka, huchelewa kupona. Hata mkimbiaji hasalimiki."

"Kwa hiyo nikae tu kama gunia?"

"Thubutu! Ukikaa, utaisha upesi zaidi. Ukipona, tembea huku unaongea. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo. Kaa kitini, inuka, mara kumi, mapaja yapate nguvu. Leo ukijikaza, kesho pumzika. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, simama, uende hospitali. Na uache kushindana na yule kijana."

"Kijana gani?"

"Aliyeandika namba za mlangoni."

Mume wangu akageukia ukuta. Mabega yakamtetemeka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Ilichukua miezi mitano kupona. Namba alizifuta mwenyewe, kwa kitambaa kibichi, moja moja.

Sasa ngazi anashuka vizuri. Tunatembea wote wawili mpaka kwenye tangi, tunaongea njia nzima. Zamani nikimfuata alikuwa akiniacha mbali, simwoni hata mgongo. Siku hizi tunafika pamoja.

Namshukuru Mungu. Lakini kila tukifika pale, natamani aniache tena.