Jibu Lililorudi Tupu

Wewe unayesikiliza, umewahi kumuuliza mtu jambo, akanyamaza, nawe ukaondoka unafurahi kana kwamba amekukubalia?

Mrisho alifanya hivyo, na ni mtu mzima mwenye kazi yake.

Alikutana na Zamzam Jumamosi moja pale Mchikichini. Balo la mashati ya mitumba lilikuwa limefunguliwa muda huohuo, watu wameliinamia, mikono inapishana. Mrisho akaibuka na shati la bluu lenye mistari myembamba, akalipima kifuani. Muuzaji, binti mweusi wa kung'aa, dira la zambarau, mtandio wa njano umefungwa kisogoni, akamtazama weee.

"Kaka, hilo unamchukulia mama?"

"La kwangu."

"Vifungo viko kushoto. La kike hilo."

"Mimi naona shati tu."

"Ndiyo maana umevaa hilo ulilovaa. Lete nikuchagulie, usije ukatuaibisha huko uendako."

Akamchagulia jeupe la kitani, kola bado ngumu. Mrisho aliondoka na shati, na namba ya simu pia.

Basi zikaanza simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula wali maharage. Unafanya nini?"

"Naandika."

"Kila nikipiga unaandika. Kitu gani hicho kisichoisha?"

"Ofisini tuna kifaa cha kutafutia taarifa za vinasaba, yale mtu anayorithi kwa baba na mama. Mimi naandika maelezo ya namna ya kukitumia. Ila wasomaji wangu siyo watu. Ni mawakala wa akili mnemba."

"Mawakala? Wa kutoa pesa?"

"Hapana, mama. Ni programu. Unaiuliza, inaenda yenyewe kwenye kifaa, inatafuta, inakuletea jibu kwa maneno. Lakini yenyewe haihoji. Nilichoandika ndicho inachofuata."

"Basi iandikie ikukumbushe kula mapema."

Zamzam alicheka, lakini lile neno vinasaba lilimkaa. Mdogo wake, Twaha, alikufa kwa sikoseli akiwa darasa la sita, mifupa inamkata mpaka anauma shuka. Zamzam mwenyewe alipimwa, akaambiwa haumwi, ila amebeba kinasaba chake. Akioana na mwingine aliyebeba, mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa uleule. Alikwisha kuapa kwamba mwanaume wa hivyo hamtaki, hata awe mzuri vipi.

Akamwambia Mrisho wazi, wamekaa Feri, changu wa kukaanga katikati yao anatoa moshi.

"Twende tukapime. Mimi nitakusindikiza."

"Damu yangu ipo ofisini tayari. Wafanyakazi wote tulitoa, ya kujaribia kifaa. Nitauliza tu, kesho unapata jibu."

"Mashine hiyohiyo unayoiandikia?"

"Hiyohiyo. Naijua kuliko mtu yeyote."

Akauliza. Wakala akaenda, akarudi na jibu: mabadiliko ya kinasaba cha sikoseli hayapo. Mrisho akapiga simu, akamwambia. Zamzam akakaa juu ya balo, akalia mbele ya wateja, wala hakujali. Haikupita muda washenga wakafika kwao Ilala, posa ikapokelewa, harusi ikawekwa Shaabani. Mama yake akaanza kununua vyombo, leo sufuria, kesho sinia.

Kisha bosi wa Mrisho ofisini, Pranav, akakaa kusoma yale maelezo yote kabla hayajatolewa. Akamwita Mrisho.

"Hapa umeandika jibu likirudi tupu, wakala aseme mabadiliko hayapo. Umeitoa wapi hiyo?"

"Si tupu maana yake hamna, kaka?"

"Tupu maana yake hatujui. Pengine damu haikusomeka vizuri mahali pale. Wakala aseme hajui, amwambie mtu akapime."

Mrisho akaufuta ule mstari, akauandika upya. Halafu akatafuta sampuli yake. Mahali pa sikoseli hapakuwa pamesomeka kabisa. Akaenda hospitali, akatoa damu, akasubiri jibu. Amebeba.

Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Badala ya kwenda kwa mwenzake, akazima simu. Zamzam anapiga, haipatikani. Anapiga tena, haipatikani. Shangazi zake wakamwambia huyo amepata mwingine, wanaume wa ofisini ndivyo walivyo. Naye akaamini, maana aamini nini kingine?

Siku simu ilipopokelewa, Zamzam hakusalimia.

"Ni nani, Mrisho? Mtaje tu nijue."

"Hakuna mwanamke, Zamzam."

"Sasa nini?"

Mrisho akasema, "Nakuja."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na Jangwani maji yamefunga barabara. Alizunguka kwa miguu, akafika suruali imelowa mpaka magotini, lile shati la kitani limemganda mwilini. Zamzam alikuwa anafunika mashati kwa turubai. Hakumkaribisha kukaa. Mrisho akamweleza yote amesimama.

"Kwa hiyo hukunidanganya," Zamzam akasema.

"Hapana."

"Bora ungenidanganya. Ningekuchukia, nikapata usingizi."

"Tuoane tusizae. Wapo wanaoishi hivyo. Au tujaribu, siyo kila mtoto anazaliwa anaumwa."

"Mama yangu alijaribu hajui. Mimi nijaribu najua?"

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye turubai, yanaingia kwenye viatu vya Mrisho, naye hasogei.

"Watume washenga wako kwa baba," Zamzam akasema. "Waseme wao. Mimi sitaweza."

"Zamzam."

"Siku zote unaniambia unachotaka wewe. Ofisi, nyumba, harusi Shaabani. Mimi hujawahi kuniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Zamzam aliokota shati lililoanguka, akalikung'uta, akalikunja mkono juu ya mkono, akalilaza mahali pake. Ndipo akamwangalia.

"Nilitaka mtoto wako. Alowe mvua kama hii, arudi ana matope mpaka masikioni, nami nimfokee habari ya nguo tu. Twaha akilowa tulikuwa tunaenda kulazwa. Hicho tu ndicho nilichotaka, Mrisho."