Pini Katika Paja la Mbwa

Jeraha la upasuaji likiharibika hunuka usaha, na muuguzi aliujua uvundo huo kama anavyoijua njia ya kwao. Miaka kumi na moja si haba katika kliniki ya wanyama ya kaka yake. Lakini siku ya tatu alipofungua bendeji ya yule mbwa mweusi, kilichompanda puani kilikuwa marashi ya waridi.

"Kaka, umemmwagia nini mgonjwa?"

"Mimi na marashi wapi na wapi?" daktari alicheka. "Kagua vidole, pima joto, mgeuze ubavu wa pili asije akapata vidonda vya kulala."

Mbwa huyo aliokotwa barabarani, amegongwa na gari, paja vipande viwili. Daktari alipitisha pini ya chuma ndani ya mfupa, akauunganisha, akashona. Kazi safi. Muuguzi alibonyeza vidole vya mguu ule. Vilikuwa na joto, havijavimba. Akamfunga bendeji mpya.

Saa sita mchana, jua la utosi, mbwa akalia. Si kubweka, alilia kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Papo hapo ofisini kikasikika kitu kama kuni kavu inayovunjwa.

"Sijagonga popote, mdogo wangu," daktari alinong'ona, mkono unaning'inia. "Umekatika wenyewe."

Kesho yake, saa ileile, ukakatika mguu wa daktari. Keshokutwa, mtulinga wa bega. Hospitali walimfunga plasta, wakatikisa vichwa, wakamrudisha nyumbani, nyuma ya kliniki.

Siku ya sita asubuhi mama yao akamleta mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Akaweka sikio kwenye paja la mbwa, akalitoa upesi.

"Jini alikuwa mpita njia tu ndani ya mnyama huyu. Gari lilipogonga, akajificha mfupani, nanyi mkampigilia chuma. Hawezi kupita kwenye chuma. Anamvunja aliyemfunga, akitafuta mlango."

"Leo atavunja nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

Mganga aligeuka. Alimtazama muuguzi. "Itoe hiyo pini kabla ya adhuhuri. Na kaka yako apelekwe mbali. Jini akitoka harudi alimotoka, huingia mfupa mwingine wenye ufa ulio karibu."

"Mfupa haujaunga! Na mimi kazi yangu ni kushika taa, sijawahi kushika kisu."

"Utakishika," daktari alisema kutoka kitandani, chumba cha nyuma, midomo imemkauka. "Tenganisha msuli, usiukate. Ukishaitoa, mfunge gango la vibao, asikanyagie mguu."

Wakampakia daktari kwenye teksi pamoja na mama. Mganga akabaki mlangoni na kisomo chake.

Muuguzi akamchoma mbwa sindano ya usingizi, akanyoa, akasafisha mara tatu kama alivyofunzwa, akachana. Saa ya ukutani ilisema sita kasoro dakika nane, na marashi yakazidi mpaka machozi yakamtoka, na koleo ilipokamata ncha ya pini chuma kilikuwa cha moto kama kimetoka jikoni, naye akavuta, na ndani ya mfupa kitu kikaanza kunong'ona haraka, haraka, dada, haraka, na mshipa ukapasuka akauziba kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kuvuta, kidogo, kidogo tena, mpaka pini ikachomoka ikaanguka sakafuni.

Mnong'ono ukakoma. Mbwa alipumua taratibu.

"Ametoka," mganga alisema. Kisha akapiga kelele: "Nani huyo? Nani amemleta?"

Daktari alikuwa mlangoni, ameegemea gongo, jasho linamtiririka. Nyuma yake mama alikuwa analia. "Amemgeuza dereva njiani! Nimemsihi, mwanangu, nimemsihi..."

"Ningekuachaje peke yako na mgonjwa wa..."

Hakumaliza. Gongo lilimponyoka. Akasimama wima juu ya mguu uliovunjika.

"Kaka, kaa chini! Kaka!"

Aligeuka, akatoka kuelekea lango, mwendo mwepesi wa mtu mwenye safari. Kila hatua mifupa ilisikika ikisagana ndani ya plasta, wala hakuugua. Muuguzi hakuweza kumfuata. Chini ya vidole vyake mshipa ulikuwa unapiga, na akiuachia tu mbwa atakufa. Alimsikia mama akikimbia barabarani, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kwa mbali sana.

Hakuitika.