Leo Hakuna Utani

Hafidha alikunywa uji wake akiwa amesimama. Mumewe, Harithi, alikuwa ameshatangulia shambani kuokota korosho. Hafidha alimwachia binti yake Zaina maagizo ya nyumba, akajitanda khanga, akashika njia ya mjini Nachingwea. Huko alikuwa fundi cherehani kwa Mzee Eustace, kando ya barabara ya malori.

Ilikuwa mwaka 2002. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa na watoto walimiminika shuleni. Kila mtoto alitakiwa awe na shati jeupe. Mfanyabiashara mmoja wa Lindi alimpa Eustace kazi ya kushona mashati hayo, na kila mara alituma mtu kuja kuhimiza. Hakuwahi kuuliza yanashonewa wapi, wala nani anayashona.

Yalishonewa katika nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa cha vyerehani. Cha nyuma kilikuwa cha pasi za mkaa, na huko alishinda Getruda, Mmakonde, mama wa mtoto mmoja aitwaye Tabitha. Vumbi la Nachingwea ni jekundu na shati ni jeupe, kwa hiyo Eustace aliyapigilia misumari madirisha yote. Aliogopa pia kuibiwa vitambaa. Kila alipotoka alifunga mlango kwa nje kwa kufuli, mafundi wakiwa ndani, na ufunguo akaondoka nao mfukoni.

Hakuwa mtu mkali, na hapo ndipo penye shida. Eustace alikuwa Mngoni. Wangoni ni watani wa Wamakonde, na ni watani wa Wamwera pia, na Hafidha alikuwa Mmwera. Mtani hakasirikiwi. Akikuchokoza unacheka, unamrudishia, mambo yanaisha. Ukinuna, aibu ni yako.

Siku moja Getruda alitokeza kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu, jasho linamtiririka.

"Mzee, tufungulie japo dirisha moja. Kichwa kinanigonga, moyo unaenda mbio. Hewa ya huku nzito."

"Wamakonde bwana," Eustace akasema. "Babu yangu aliwakimbiza nyie mpaka mkapanda milimani, hamkulalamika moyo. Leo mmekalia stuli ndiyo mnachoka?"

Mafundi wakaangua kicheko. Hafidha naye akacheka.

"Mimi nikifia humu utanibeba mwenyewe, mtani," Getruda akajibu, maana mtani lazima ajibiwe.

"Nitakubeba. Ila jogoo wangu wa matanga nitamdai kwanza."

Wakacheka tena. Dirisha likabaki na misumari yake.

Mchana, wakila mihogo, Getruda alimsogelea Hafidha. "Mama Zaina, kesho nitasema tena. Ukinisikia, usicheke. Sema na wewe."

"Mtani utamwambia nini, Mama Tabitha? Atasema tuna hasira za karibu."

"Basi usiseme. Usicheke tu."

Hafidha mwenyewe aliumwa kichwa kila jioni. Alidhani ni malaria, akawa anameza vidonge. Jumapili, akiwa nyumbani, kichwa kilipoa. Jumatatu kikarudi. Hakujiuliza kwa nini.

Kesho yake yule mtu wa kuhimiza alikuja akifoka kwamba mashati yamechelewa. Eustace akaamuru pasi zote ziwashwe kwa pamoja. Getruda akasema, "Mzee, zote humo ndani hatutaweza kupumua."

"Pumua kwa zamu," Eustace akasema.

Hafidha alijizuia. Kisha wote wakacheka, naye kicheko kikamtoka. Getruda alimtazama kidogo, akaingia chumbani kwake. Eustace akafunga kufuli, akaenda Ruangwa kufuata vifungo.

Adhuhuri ilipita. Hafidha alipeleka mashati nyuma, akamkuta Getruda ameanguka kando ya meza, shati dogo la mtoto bado liko mkononi. Aliita, hakujibiwa. Mafundi walimburuta hadi chumba cha mbele, lakini huko nako hewa ilikuwa ileile. Wakagonga mlango. Wakapiga kelele. Wapita njia walikuja, wakahangaika na kufuli, mpaka mmoja alipoleta jembe na kuling'oa kufuli. Walipomtoa Getruda nje, alikuwa bado anahema kidogo. Hospitali hakufika akiwa hai.

Kwenye benchi la hospitali, Hafidha alikuwa akitapika. Bwana afya, Severini, alikuja akakaa karibu naye.

"Mama, mlikuwa mnatumia mkaa ndani?"

"Pasi. Na jiko la kuwashia makaa."

"Madirisha?"

"Yamepigiliwa misumari."

"Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa unatoa hewa ya sumu. Huioni, haina harufu. Kwanza kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu. Halafu miguu inaishiwa nguvu. Ukiona hivyo, toka nje mara moja na uwatoe wenzako, kisha mwende hospitali. Usisubiri upone."

"Tulidhani malaria. Sote vichwa vinauma, Jumapili tukiwa nyumbani vinapoa."

"Malaria haiwashiki wote chumba kimoja, ikawaachia Jumapili."

"Na mlango?" Hafidha akauliza.

"Watu wakiwa kazini mlango haufungwi kwa nje. Sheria inakataza. Hakuna aliyekuja kuniambia."

"Na wewe hukuja kutuona," Hafidha akasema.

"Sikuja," Severini akasema, akatazama chini.

Maziko yalikuwa siku iliyofuata. Huku kwetu mtani ana kazi yake msibani. Anatania wafiwa ili wapate kupumua, na ana haki ya kupewa chochote. Eustace alikuja. Labda aliogopa, labda hakujua njia nyingine ya kusimama pale. Akaanza kama ilivyo desturi.

"Mmakonde huyu mvivu kweli. Kaacha mashati yangu yana makunyanzi, kajilalia. Jogoo wangu yuko wapi?"

Watu wengine walishaanza kutabasamu. Hafidha akasimama.

"Leo hakuna utani," akasema. "Alikuambia hewa hakuna, ukamtania. Alikuambia tena, ukamtania tena, na mimi nikacheka. Ulisema utambeba. Kambebe."

Hakuna aliyecheka. Eustace alikwenda kwenye jeneza akaingiza bega. Alilibeba mpaka kaburini, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia.

Polisi walichukua maelezo. Kesi ilipigwa kalenda, ikapigwa kalenda tena, na mpaka leo watu hawajui iliishia wapi. Lakini mafundi hawakungoja kesi. Walikataa kukaa kwenye vyerehani mpaka misumari ing'olewe na kufuli la nje liondolewe, wakamchagua Hafidha awasemee, na Eustace akakubali. Severini alikuja kuwaelekeza. Walijenga banda la wazi nyuma ya nyumba, mbali na barabara, pasi zote zikahamia huko. Uwanja ulinyunyiziwa maji asubuhi, mashati yakafunikwa kwa shuka safi, na vumbi halikuyagusa. Ilikuwa rahisi hivyo. Hafidha alipoona ilivyokuwa rahisi, alilia kuliko alivyolia msibani.

Wakaweka na kanuni moja: fundi akisema "Hili si utani," vyerehani vyote vinasimama, watu wanamsikiliza. Yule mfanyabiashara wa Lindi alipokuja mwenyewe kufoka, Hafidha alisema hivyo mbele yake.

"Haraka yako ndiyo iliyowasha pasi zote siku ile. Njoo uone chumba chenyewe."

Aliona. Akaongeza muda. Mashati yakatoka, na kuumwa vichwa jioni kukakoma.

Januari Tabitha alianza darasa la kwanza. Alivaa lile shati dogo lililokutwa mkononi mwa mama yake, ambalo Hafidha alilinyoosha mwenyewe. Asubuhi hiyo Tabitha alipita kwa mafundi, akasimama kwenye dirisha lililo wazi.

"Mama alikuwa anakaa wapi?"

Hafidha alimwonyesha chumba cha nyuma. Sasa kilikuwa stoo ya vitambaa.

"Mbona hakutoka?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

"Nani aliufunga?"

Vyerehani vilisimama, ingawa hakuna aliyetamka ile kanuni. Eustace alikuwa mezani anakata kitambaa. Alikuwa mtu wa majibu mengi, na wote walimngoja. Aliweka mkasi chini.

"Mimi," akasema.

Tabitha alimtazama, kisha akaweka vizuri begi lake begani, akaenda shule.