Clip ya Sita

Siku Benie alipokutana na Rachidi, alimtukana kabla ya kumsalimu. Ilikuwa asubuhi, kwenye kivuko cha mitumbwi ya Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, watu wakisukumana na mabeseni, baiskeli na magunia ya mihogo. Benie alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea mwenyewe, maana ushonaji ndio kazi yake. Mguu wa chuma wa kamera ya kijana mmoja ukalichana begani.

"Weye! Macho iko wapi? Ile muguu yako ya chuma iko napasula nguo yangu!"

"Pardon, maman."

"Maman? Nilikuzala lini?"

"Basi pardon, chérie."

"Chérie tena! Leo ni leo!"

"Bon, nikuite nani? Sema jina, niombe pardon muzuri."

Benie akacheka bila kutaka. Kijana alikuwa mrefu, mwenye mwanya, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikononi. Kesho yake alifika kwenye karakana ya Benie mjini, eti kuangalia kama gauni limepona. Keshokutwa akaja tena, na safari hiyo hakutafuta sababu. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, za matanga, na za kundi la rock lililoitwa Radi ya Tshopo, ambalo magitaa yake watu wengi wa Kisangani waliyafananisha na mashine ya kusaga mihogo. Kila jioni simu ya Benie ililia.

"Allô, mama ya njano."

"Ulikula?"

"Nitakula namna gani, na weye uko mbali?"

"Uongo! Naisikia mudomo imejaa."

Ikapita miezi minane. Rachidi ni Mwislamu wa Maniema, Benie ni Mkristo wa Yanonge. Watu walinong'ona mpaka wakachoka. Mama yake Benie alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mjomba wake, tonton Léon, ndiye aliyekubali kuwapokea wazee wa Rachidi. Wangevuka mto Jumapili kuja kwake Lubunga kujitambulisha.

Alhamisi Benie akaenda soko kuu kununua uzi. Kwenye meza ya muuza DVD watu walikuwa wamejazana mbele ya televisheni, wanacheka. Magitaa yalinguruma. Wimbo ulimdhihaki mwanamke aliyeachwa na bwana wake hadi akili zikamruka. Na mwanamke mwenyewe alikuwa pale kwenye skrini: amejitupa mavumbini, kilemba kimeanguka, liputa, kile kitenge cha kiunoni, imefunguka, analia mdomo wazi. Alikuwa Benie. Hakuwa ameachwa na bwana yeyote. Ilikuwa siku ya kumzika mama yake.

"Angalia huyu, mwanaume amemutoroka!" kijana mmoja akasema. "Rudisha nyuma, tuone tena!"

Benie akaupenya ule umati, akauchomoa waya wa televisheni, akanyakua kasha la DVD. Radi ya Tshopo: Clip Zote Kumi na Mbili. Nyuma yake wimbo ule ulikuwa wa sita, na chini, kwa herufi ndogo: Picha, Rachidi.

Hasira hasara, husema watu ambao machozi yao hayajawahi kuuzwa mezani. Benie alipiga simu palepale, katikati ya wauza nyanya, bila kujali nani anasikia.

"Allô, mama ya nj..."

"Usiniite vile! Clip ya sita. Unaijua?"

Rachidi aliijua. Angekana, Benie angeweza labda kupumua. Hakukana.

"Benie, ngoja, nitaku-expliquer..."

"Uliuzisha kilio ya mama yangu! Unakula kwetu, tonton Léon anakuita mutoto yake, na weye uko unachekesha batu na machozi yangu!"

"Haiko vile..."

"Dimanche usivuke. Ukivuka, nitakutupa mu mto na ile kamera yako!"

Akakata. Simu ililia mchana kutwa, hakuipokea. Patricia, mwenzake wa karakana, akajaribu: "Umusikilize kwanza, dada." "Nimusikilize nini? Masikio yangu imeshasikia batu banacheka." Mkasi wake siku hiyo uliharibu vitambaa viwili.

Ijumaa asubuhi Rachidi akaingia karakanani bila kubisha. Shati lake lilionekana halijavuliwa tangu jana, limekunjamana na kuchafuka.

"Sikukujua bado," alisema akiwa bado mlangoni. "Familia yenu ilinilipa nifilme matanga, kama batu bote banafanya. Wiki ile Papy, chef wa kundi, alitafuta mutu mwenye kulia, amutie mu clip. Nilimupa ile video. Sikuuliza ni kilio ya nani."

Benie alikuwa ameamini kwamba Rachidi aliiuza video hiyo huku akimwita chérie. Jambo hilo likamtoka moyoni, lakini lingine likakaa mahali pake.

"Na lini ulijua ni miye?"

"Siku ulinionyesha photo ya maman yako."

"Ni miezi saba, Rachidi! Miezi saba unaniangalia tu!"

"Niliogopa. Papy aliniahidi ataitosha ile clip mu DVD, ataifuta. Tangu jana niko nazunguka meza zote za soko, nachukua zile napata. Kundi, nimeshaacha. Lakini batu bamezikopi, zingine zimeshafika mbali, mupaka Bafwasende. Siwezi kuzikamata zote."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Benie alilijua hilo tangu jana. Ndilo lililomchoma zaidi. Akachukua simu yake, akaielekeza usoni pa Rachidi.

"Kaa chini. Sema kitu ulifanya. Na weye ulie, tukuone."

Rachidi akaketi sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Alitaja jina lake na la baba yake. Alisema yote, moja kwa moja. Kisha akasema kwamba mama yake mwenyewe alikufa Kindu, barabara imekatika, naye hakufika kumzika. Akalia, kamasi zikamtoka, na hakuficha uso. Patricia akageukia cherehani yake.

"Tuma," Rachidi akasema. "WhatsApp, Facebook, kwa wazee yangu. Kila mutu aone."

Benie akaitazama skrini. Kubonyeza mara moja tu, na kabla ya jioni Kisangani nzima ingecheka. Alitaka, tusidanganyane, alitaka sana. Kisha kidole chake kikabonyeza.

"Umetuma?"

"Nimefuta."

"Juu ya nini?"

"Juu ulikuwa unalilia mama yako."

Rachidi akajifuta kwa mkono wa shati. "Donc, umenisamehe?"

"Nani amesema? Hasira iko, tena nyingi."

"Na dimanche?"

"Utavuka. Utasema yote mbele ya tonton Léon, na mudomo yako mwenyewe. Akikufukuza, miye sitasema kitu."

"Na akikubali?"

Benie akaokota mkasi wake.

"Akikubali, nitakugombeza kila siku, mu nyumba yetu, mpaka tuzeeke."